Uzi maalumu: Unakwenda China kufunga mzigo? Soma viza yako kabla hujasoma bei

Mama Mikoba (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Wakubwa shikamooni.

Nauza mikoba na viatu vya kike Kariakoo. Safari yangu ya kwanza Guangzhou ilikuwa 2017, na ukiondoa ile miaka ya korona nimekuwa nikienda mara mbili kwa mwaka. Naandika kwa sababu wiki iliyopita binti mmoja wa duka la jirani amekosa safari akiwa ameshalipa tiketi. Viza alikuwa nayo, imebandikwa kwenye pasipoti, haina kasoro. Kosa lake ni kwamba hakuisoma. Na hela ile ilikuwa ya mkopo wa kikundi, akina mama kumi na wawili wamemdhamini. Sikulala vizuri siku hiyo.

Basi nianze na hilo hilo. Viza ya China ina mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna tarehe palipoandikwa Enter Before, hiyo ni siku ya mwisho ya wewe kuingia nchini mwao. Ikipita hujaingia, viza imekufa. Halafu kuna idadi ya siku za kukaa, mara nyingi 30 kwa sisi wafanyabiashara, na hizo zinaanza kuhesabiwa kesho yake baada ya kuingia. Binti yule aliambiwa na mtu, "usijali, siku zako 30 zinaanza ukifika," akaelewa kwamba anaweza kwenda wakati wowote. Akaahirisha mara ya kwanza akisubiri fedha, akaahirisha tena, na tiketi aliyokata mwishowe ilikuwa ya siku nne baada ya ile tarehe. Dawati la ndege pale uwanjani Dar likamrudisha. Tiketi ilikuwa ya bei nafuu, ya zile zisizorudishwa fedha.

Jambo la tatu kwenye viza hiyo hiyo ni idadi ya kuingia. Ukiona 1, umepewa mlango mmoja wa kuingilia, basi. Hapa ndipo Hong Kong inapowaliza watu. Mwaka 2018 tulikuwa kundi la watu watano, mmoja wetu anafanya biashara ya simu. Tulipomaliza Guangzhou akapanda treni hadi Shenzhen kuangalia maduka ya Huaqiangbei, akaona Hong Kong hiyo hapo ng'ambo, akasema ngoja nikatupe jicho siku moja. Alivuka kwa miguu pale mpakani Luohu, hakuna aliyemzuia, kwa nini wamzuie? Jioni anarudi, ofisa anamwonyesha viza yake: umeshaitumia. Hong Kong na Macau ni sehemu ya China kwa ramani na bendera, lakini kwa uhamiaji ni mlango mwingine kabisa. Ukivuka umetoka China bara. Mzigo wake ulikuwa hotelini Guangzhou, nusu ya fedha ameiacha kwa msambazaji kama kianzio, na yeye yuko ng'ambo na begi la mgongoni. Sisi ndio tulimfungia vitu vyake tukarudi navyo. Kama una mpango wa Hong Kong, omba viza ya kuingia mara mbili tangu Dar, au iweke Hong Kong iwe kituo chako cha mwisho kabla ya kupanda ndege ya nyumbani.

Sasa kuomba yenyewe. Sisi wenye pasipoti ya kawaida ya Tanzania tunahitaji viza, na inaombwa huku huku kabla ya safari. Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita au zaidi na kurasa tupu, mbili zinatosha. Kwa biashara unaomba aina ya M, na utaambatanisha barua ya mwaliko kutoka kampuni ya China. Viza ya L ni ya utalii. Nimeshasikia watu wakishauriana "omba utalii, ni rahisi." Mimi sishauri. Ukiulizwa mlangoni umekuja kufanya nini ukajibu "nimekuja kununua mzigo" huku viza inasema matembezi, umejitengenezea maelezo marefu ambayo hukuwa na haja nayo. Fomu inajazwa mtandaoni na ina maswali mengi: kazi yako, safari zako za nyuma, kama uliwahi kunyimwa viza popote. Jaza ukweli. Usimwachie mtu wa stesheneri aijaze halafu wewe uweke sahihi, maana yeye hatakuwapo siku unayoulizwa. Taarifa ya benki iwe ya akaunti inayotembea. Milioni ishirini zilizoingia juzi kutoka kwa shemeji zinaonekana.

Kwa wanaolenga Maonyesho ya Canton, yale ya biashara kule Guangzhou yaliyoanza 1957: yanafanyika mara mbili kwa mwaka, masika kuanzia 15 Aprili na vuli kuanzia 15 Oktoba, kila mara awamu tatu zenye bidhaa tofauti. Ukijisajili kama mnunuzi kwenye tovuti yao unaweza kupata barua ya mwaliko bila kumlipa dalali hata senti. Angalia awamu yako kwanza. Nimemwona mtu ametoka Mwanza kutafuta vyombo vya jikoni akafika awamu ya vyombo imeshafungwa. Na hoteli za Guangzhou wakati wa maonyesho zinapanda bei vibaya.

Mlangoni: utatoa alama za vidole, utajaza kadi ya kuingia (siku hizi unaweza kuijaza mtandaoni kabla hujapanda ndege), na hapo wataka anwani utakayofikia. Iwe na maandishi ya Kichina, imechapishwa kwenye karatasi. Karatasi hiyo hiyo ndiyo utakayompa dereva wa teksi, kwa hiyo chapisha mbili. Fedha taslimu za kigeni zikizidi thamani ya dola 5,000, unazitangaza forodha ya China. Kwetu pia, ukitoka na dola 10,000 au zaidi, unatakiwa kutangaza. Kutangaza si kosa na hawakunyang'anyi. Kosa ni kuficha kwenye soksi.

Nitaendelea baada ya chakula cha mchana, wateja wamejaa.

Kijana wa Makorora

Mama shikamoo. Nimeweka kambi hapa. Mimi naenda mara ya kwanza mwezi ujao kutoka Tanga, spea za pikipiki. Viza yangu imetoka juzi na nimekimbia kuitoa kabatini nikaisoma upya. Nimepona, tarehe iko mbali. Endelea tafadhali.

Mzee wa Bandari

Uzi mzuri, lakini nina neno. Haya yote ajenti anayafanya. Unamlipa, anakupokea uwanjani, anakulaza, anakutembeza sokoni, mzigo unaukuta Dar. Mimi nimekwenda mara tatu sijawahi hata kusoma hiyo viza.

Mama Mikoba

Mzee wangu, heshima kwako. Ajenti mzuri ni baraka, na ninaye mmoja ambaye ningemwachia hata watoto wangu. Lakini jina lililo kwenye pasipoti ni la kwako. Siku ukizidisha muda, faini ni yuan 500 kwa kila siku, hadi 10,000, na wakiona uzito wa kosa wanaweza kukuweka ndani siku 5 hadi 15. Ajenti haendi kukaa huko badala yako. Mlipe kazi ya kubeba na kutafsiri. Ya uhamiaji uyajue mwenyewe.

Niendelee na lile lililonipata mimi, maana hapo juu nimesema ya wenzangu tu.

Safari yangu ya pili nilialikwa na dada mmoja wa kwetu aliyekuwa akiishi Foshan. Nyumba nzuri, chumba cha bure, ugali upo. Nikaona nimeokoa fedha ya hoteli siku kumi. Siku ya nne, jioni, polisi wawili wa mtaa wakagonga, wapole tu, wakaomba pasipoti yangu na karatasi ya usajili. Karatasi gani? Sheria yao ya kuingia na kutoka, iliyoanza kutumika 1 Julai 2013, inasema mgeni akilala hotelini, hoteli ndiyo inamsajili polisi. Akilala nyumbani kwa mtu, yeye mwenyewe au mwenyeji wake aende kituo cha polisi cha eneo hilo ndani ya saa 24 tangu afike. Hatukwenda. Dada yangu alijua, akasahau, na mimi sikujua kabisa. Tulipelekwa kituoni, tukakaa hadi saa nne usiku, tukaandika maelezo, tukapewa onyo. Sheria inaruhusu faini hadi yuan 2,000 na walituhurumia. Lakini aibu niliyomletea mwenyeji wangu mbele ya majirani na mwenye nyumba wake, hiyo sijaisahau. Mwezi mmoja baadaye mwenye nyumba alikataa kumwongezea mkataba. Sisemi ni kwa sababu yangu. Ila naijua hesabu ya siku.

Kwa hiyo ukilala kwa ndugu, begi likishuka tu, mwambie mwenyeji: twende polisi. Anabeba mkataba wake wa nyumba, wewe pasipoti. Mnatoka na karatasi, nayo unaitunza hadi uondoke. Ukilala hotelini, wape pasipoti mapokezi na usubiri wamalize kuiingiza kwenye mfumo. Ukihama hoteli, usajili mpya. Na ukitembea mtaani pasipoti iwe na wewe: kwa mtu wa miaka 16 kwenda juu hilo ni la lazima, na maeneo kama Xiaobei, ule mtaa wa Guangzhou wenye Waafrika wengi, wanakagua.

Bint Pemba

Asalaam aleikum dada. Ahsante kwa darsa. Mimi naulizia chakula cha halali na kama mwanamke anayesafiri peke yake atasalimika. Na ile kadi ya manjano wanaitaka?

Mama Mikoba

Waaleikum salaam mdogo wangu.

Kadi ya manjano beba. Njia nyingi hupitia Addis Ababa au Nairobi, na hujui ni dawati gani litaiulizia. Kama umeshachanjwa homa ya manjano zamani, huna haja ya kurudia: tangu 11 Julai 2016 cheti kinahesabika maisha yote, hata kama nyuma kimeandikwa miaka kumi. Kama hujachanjwa, usingoje wiki ya safari, maana cheti kinaanza kazi siku 10 baada ya sindano.

Chakula, usiwe na wasiwasi. Tafuta maandishi haya mlangoni: 清真. Yachore kwenye daftari lako. Yanasomeka "chingjen," maana yake chakula cha Waislamu. Guangzhou, hasa Xiaobei, migahawa hiyo imejaa, ya Wachina Waislamu na ya watu wa Yemen, Uturuki, Somalia. Tambi za mkono za mtindo wa Lanzhou, supu ya ng'ombe, bakuli moja unashiba hadi jioni. Na Ijumaa ukiwapo, nenda msikiti wa Xianxian. Una kaburi ambalo Waislamu wa China wamepokea kwa wazee wao kwamba ni la Saad bin Abi Waqqas, sahaba. Utakuta sala imejaa hadi bustanini, Waafrika, Waarabu, Wachina, mabega kwa mabega. Wakristo nao wana kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, la mawe, katikati ya mji.

Usalama: nimetembea saa tano usiku na mkoba begani sijawahi kuguswa. Ninachokukumbusha ni kingine, na naomba wote mnisikilize hapa.

Usibebe mzigo wa mtu. Usibebe. Si kwenda, si kurudi. Si kwa hisani, si kwa kulipiwa tiketi. Kwa wasichana huja kwa sura ya mapenzi, mchumba uliyemjua miezi mitatu anasema "mpelekee rafiki yangu viatu hivi." Kwa wavulana huja kwa sura ya biashara, mtu anakudhamini safari nzima halafu siku ya kuondoka anakuletea begi. Sheria ya China inasema anayeingiza heroini au methamfetamini kuanzia gramu 50 anakabiliwa na miaka 15, maisha, au kifo. Gramu 50 ni vijiko vichache vya sukari! Mwaka 2013 padre anayehudumia wafungwa Hong Kong, John Wotherspoon, alianza kuweka hadharani barua za wafungwa wa Kiafrika, na Watanzania walikuwemo, wakiwaambia wenzao huku nyumbani wasikubali kubeba. Wapo walioandika majina ya mama zao. Nilizisoma nikiwa na ujauzito wa mwanangu wa pili. Kama kuna mtu anasoma hapa na ameshaahidiwa safari ya bure, tafadhali niandikie pembeni leo, sitakuuliza jina.

Mwanafunzi Wuhan

Dada umegusa penyewe. Niongeze kwa wanaokuja kusoma. Sisi tunaingia na viza ya X1, ambayo haina siku za kukaa za kawaida: ukifika una siku 30 za kwenda polisi kuomba kibali cha ukaazi. Chuo kinasaidia, lakini kuna wanaofika, wakaanza kuzungukazunguka miji kutembelea marafiki, siku zikapita. Na asije mtu na viza ya mwanafunzi akadhani atauza duka au kufundisha Kiingereza bila ruhusa. Kufanya kazi kinyume cha viza ni faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kwa kosa zito siku 5 hadi 15 ndani. Namba za kuhifadhi kwenye simu: polisi 110, gari la wagonjwa 120, na 12367 ni ya uhamiaji, inapokea saa 24 na wanaongea Kiingereza. Nimewapigia mara mbili, wanajibu kweli. Tanzania ina ubalozi Beijing na ubalozi mdogo Guangzhou. Andika anwani zao kabla hujazihitaji.

Jirani wa Mombasa

Hamjambo majirani. Sisi Wakenya mambo yetu ni hayo hayo, viza lazima. Swali langu ni la pesa. Nasikia huko hawashiki noti, ni simu tu. M-Pesa haifanyi kazi huko, sasa tunalipaje?

Mama Mikoba

Karibu jirani. Hapa ndipo patakula nusu saa ya jioni yangu lakini acha niseme yote.

Huko wanalipa kwa Alipay na WeChat, kwa kuchanganua kwa simu zile picha za mistari (QR). Kuanzia muuza viazi vitamu hadi kiwanda. Sisi wageni tunaweza: unapakua Alipay ukiwa nyumbani, unajisajili kwa pasipoti, unaunganisha kadi yako ya Visa au Mastercard. Fanya UKIWA NYUMBANI, kwa sababu benki itakutumia namba ya siri kwenye laini yako ya Tanzania au Kenya. Kabla ya hapo nenda benki uombe wafungue kadi kwa malipo ya mtandaoni ya nje na uwaambie unasafiri. Malipo chini ya yuan 200 hayana makato, yakizidi hapo unakatwa asilimia 3. Ndani ya Alipay hiyo hiyo kuna Didi ya kuita teksi na kuna tiketi ya treni ya chini ya ardhi.

Ila kuna ukuta mmoja. Kadi ya kigeni inalipa biashara zilizosajiliwa. Haitumi hela kwa mtu binafsi. Na vibanda vingi vya jumla, nikitaja Sanyuanli kwenye mikoba na Shisanhang kwenye nguo, mwenye kibanda anakupa picha ya mistari ya akaunti yake binafsi, unachanganua, inagoma. Mara ya kwanza nilidhani kadi yangu imefungiwa, nikalia pale pale mbele ya mzigo. Kwa hiyo beba dola safi, badilisha benki ukiwa na pasipoti, tembea na yuan za kutosha. Usibadilishe na watu wa mtaani hata wakuite dada kwa Kiswahili. Noti kubwa yao ni 100, na bandia zipo. Malipo makubwa ya kiwanda yaende kwa benki, kwenye akaunti ya kampuni yenye jina lile lile lililo kwenye ankara. Kianzio cha kawaida ni asilimia 30, zinazobaki baada ya kukagua mzigo. Ukidaiwa zote mwanzoni, nunua kwingine.

Simu: WhatsApp, Google, Facebook, Instagram havifunguki kwa intaneti yao. Laini yako ya nyumbani ikiwa kwenye romingi ya data, vinafunguka, kwa sababu data inapitia kwa mtandao wako wa nyumbani. Ni ghali kidogo lakini kwa kuongea na dukani inatosha. Pakua kamusi ya kutafsiri Kichina isiyohitaji intaneti kabla hujapanda ndege. Plagi zetu za miguu mitatu ya bapa haziingii kwenye soketi zao, beba adapta.

Fundi Umeme Arusha

Kwenye betri niseme mimi. Tangu 28 Juni 2025 ndege za ndani za China haziruhusu pawa benki isiyo na alama ya 3C, ile alama yao ya usalama wa bidhaa. Nyingi tunazouziwa huku hazina. Mimi walinitoa yangu uwanja wa ndege wa Guangzhou, Baiyun, nikielekea Yiwu, nikaiacha kwenye boksi pamoja na mamia ya wenzake. Na pawa benki haiwekwi kwenye begi la chini, hiyo ni kila mahali. Tangu siku hiyo napanda treni, tena ndani ya China treni ya kasi ni raha: Guangzhou hadi Shenzhen chini ya saa moja. Tiketi inakatwa kwa namba ya pasipoti, na pasipoti ndiyo unaingilia.

Kijana wa Makorora

Mama, nina maswali mawili ya mwisho. Nimeambiwa nisogeze safari hadi Februari kwa sababu tiketi ni rahisi. Na je, siku za viza zikiniishia mzigo haujakamilika, nifanyeje?

Mama Mikoba

Februari! Mwanangu, tiketi ni rahisi kwa sababu hakuna cha kufuata. Mwaka mpya wao mwaka 2026 ni 17 Februari, na 2027 ni 6 Februari. Viwanda vinafungwa, wafanyakazi wanarudi vijijini kwao kuanzia wiki kadhaa kabla, na wengine hawarudi hadi wiki mbili tatu baadaye. Ukitoa oda karibu na sikukuu utapewa ahadi tamu na mzigo ulioshonwa mbiombio. Wiki ya kwanza ya Oktoba nayo ni sikukuu yao ya taifa. Umesema unaenda mwezi ujao, kaa hapo hapo.

Siku zikikaribia kwisha: unaomba nyongeza idara ya polisi ya uhamiaji ya mji uliopo, na sheria inataka uombe siku 7 kabla ya muda kuisha. Siyo siku ya mwisho. Nyongeza si haki yako, wanaweza kukataa, kwa hiyo panga kazi yako iishe mapema na umwachie ajenti ukaguzi wa mwisho kwa picha na video. Mimi nikipewa 30 napanga 18.

Halafu kuna hili la spea. Usinunue yenye nembo ya kampuni kubwa kwa bei ya chapati. Mwenzangu wa viatu alipata kontena lake Dar, Tume ya Ushindani wakalifungua, mzigo wote bandia, ukateketezwa. Uliza pia kuhusu cheti cha TBS (Shirika la Viwango) cha ukaguzi kabla ya kusafirisha, ukiwa bado huko, kwa sababu ukishapakia melini huwezi kurudi nyuma.

Mzee wa Bandari

Mama Mikoba, nimerudi. Nimeitoa pasipoti yangu ya zamani nikaangalia zile viza tatu. Ya pili nilizidisha siku moja bila kujua. Niliondoka siku ya 31. Sijui nilipitaje pale. Nakushukuru, mwanangu wa kike anakwenda Aprili, huu uzi nimemchapishia.

Mama Mikoba

Ikiwa ni siku ya 31 ukihesabu na ile uliyofika, baba, hukuzidisha, maana hesabu inaanza kesho yake. Usiumie moyo. Mwambie binti anione dukani kabla hajaondoka, nimpe ile karatasi ya anwani ya Kichina.

Kijana wa Makorora

(wiki tano baadaye)

Mama na wakuu, nimefika jana usiku Baiyun. Vidole nimetoa, nimeulizwa nitakaa siku ngapi, nikasema 16, nimeonyesha barua ya mwaliko na tiketi ya kurudi, muhuri ukagongwa. Nilikuwa nifikie kwa kaka mmoja tuliyesoma naye Galanos. Tumeshuka kwenye teksi saa tano usiku, nikamwambia, kaka, polisi kwanza. Akaniangalia kama nimechanganyikiwa. Kituo kilikuwa wazi, dakika ishirini tu, karatasi ninayo mfukoni hapa. Anasema amekaa miaka miwili na mimi ni mgeni wake wa kwanza kumpeleka yeye kituoni.

Adapta nimesahau. Kesho naingia sokoni simu ikiwa na asilimia 40.

Mama Mikoba

Alhamdulillahi. Adapta nunua duka lolote dogo pale chini, mwonyeshe muuzaji plagi yako, ataelewa. Na piga picha hiyo karatasi, umtumie na kaka yako.